Neno Chafu Chuoni Mtomondo

Iko nchi moja iitwayo Sifania. Usihangaike kuitafuta kwenye ramani. Wachora ramani walipofika mpakani waliambiwa wasubiri hotuba ya ukaribisho iishe kwanza, na mpaka leo wamesimama juani wanapiga makofi. Ni nchi yenye amani tele, na kila kitu huko ni bure isipokuwa vile vinavyolipiwa.

Nje kidogo ya mji wa Mtomondo serikali ya Sifania ilijenga Chuo cha Wananchi. Kilikuwa chuo cha umma, yaani cha kila mtu, na kwa sababu kilikuwa cha kila mtu hapakuwa na mtu hata mmoja mwenye jukumu la kukifagia. Hapo ndipo Sikudhani Nakamo alipokwenda kujiandikisha, akiwa na umri wa miaka arobaini na mmoja.

Sikudhani alikuwa mfanya usafi katika hospitali ya wilaya. Kwa miaka kumi na miwili alipiga deki wodi ya watoto, akabeba ndoo ambazo wenzake walizipita wameziba pua. Hakuwa mwepesi wa kuona kinyaa. Kilichomchosha ni mabomba. Kila bomba lilipopasuka hospitalini, jibu lilikuwa kwamba fundi yuko njiani anatoka makao makuu, na fundi huyo alikuwa njiani tangu mvua za mwaka juzi. Mganga mkuu akamwambia, "Siku, ukiniletea cheti cha ufundi bomba, kesho yake unavaa ovaroli." Basi Sikudhani akauza cherehani yake, akaaga wodini, akaenda chuoni.

Msajili wa chuo alikuwa mtu mnene mwenye kalamu nne mfukoni, zote zimekauka wino. Alimkaribisha vizuri sana.

"Karibu, mama. Elimu hapa kwetu ni bure."

"Ahsante, baba. Ndiyo maana nimekuja."

"Safi. Sasa kuna michango midogo ya kuuendesha huo ubure." Akageuza karatasi. "Mchango wa lango. Mchango wa mlinzi wa lango. Kitambulisho, na kamba ya kitambulisho, maana hivyo ni vitu viwili. Halafu utakuja na rimu mbili za karatasi, jembe, fagio la chelewa, kiti chako na matofali ishirini."

"Matofali ya nini, baba?"

"Ya darasa lako. Au ulitaka kusomea nje?"

Sikudhani akalipa, na mchango wa mwisho ulikuwa wa choo. Alipokwisha kupewa stakabadhi aliuliza hicho choo kiko upande gani, kwa kuwa alikuwa ametoka mbali. Msajili alimtazama kama mtu aliyeulizwa bei ya mwezi.

"Mama, umelipa mchango wa choo. Hukulipia choo."

*

Uzuri wa chuo ulikuwa langoni. Lango lilikuwa na nguzo za marumaru na simba wawili wa saruji wenye taa machoni, na juu yake pameandikwa MAARIFA NI NURU kwa herufi za dhahabu. Ukishalipita lango, uzuri ulikuwa umekwisha.

Darasa la ufundi bomba lilifundishwa na Mwalimu Lugome, fundi wa kweli, mpole, mwenye mikono mikubwa ambayo haikuwa na la kufanya. Karakana ilikuwa imejaa mashine zilizotolewa msaada na taifa moja rafiki, lakini zilikuwa bado ndani ya nailoni, na kufuli mlangoni, zikisubiri kufunguliwa rasmi kwa mwaka wa sita sasa. Kwa hiyo Mwalimu Lugome alichora. Alichora koki ubaoni, akachora viungio, akachora spana. Wanafunzi walichora spana kwenye madaftari, na kwa kutumia spana waliyoichora wakakaza nati waliyoichora.

"Wewe umekaza sana," mwalimu alimwambia mwanafunzi mmoja kwa huzuni. "Itavuja."

Aliyechora vizuri kupita wote alikuwa Zawadina, msichana wa miaka kumi na tisa kutoka vijiji vya mlimani, mwenye ulimi mwepesi na kicheko cha karibu. Kiti chake kilikuwa ubavuni mwa kiti cha Sikudhani, na tangu siku ya kwanza alimwita Shangazi.

Zawadina ndiye aliyemwonyesha kichaka. Chuo kilikuwa na wanafunzi mia sita na shimo moja la choo, na shimo lilikwisha furika enzi za mkuu wa chuo aliyepita. Mlango wake ulikuwa umepigiliwa misumari, na kwa chini palikuwa pakitoka kitu kizito, cheusi, kilichotambaa taratibu kuelekea bwaloni. Kwa hiyo watu walikwenda kichakani. Sikudhani aliingia humo akiwa amekunja gauni, akikanyaga kwa vidole, na nzi wa kijani wakainuka kwa pamoja wakivuma. Kisha akawaona wakitelemka kwenda jikoni, wakiingia bila kupiga hodi.

Lakini si nzi waliomsimamisha. Hatua thelathini chini ya kichaka, kwenye bonde, kulikuwa na kisima. Wapishi wawili walikuwa wanachota maji.

"Zawadina, haya ndiyo maji ya chai?"

"Ya chai, ya ugali, ya kunywa. Kwani vipi, Shangazi?"

Siku ile ile Sikudhani aliandika barua kwa Mkuu wa Chuo.

*

Mkuu wa Chuo aliitwa Profesa Daktari Mhandisi Hilari Ndolezi. Ofisi yake ilikuwa na kiyoyozi, zulia na choo cha ndani chenye mlango wa mninga. Barua ya Sikudhani alikuwa ameishika kwa kibanio kama mtu aliyeshika panya mfu kwa mkia.

"Mama Nakamo. Unasema hapa kwamba mvua ikinyesha, yale ya kichakani yanatelemka kisimani. Umepima?"

"Nimenusa, Profesa."

"Kunusa si utafiti."

"Mkuu wangu, mimi nimefanya kazi hospitali. Najua mwisho wake. Mvua zinakuja. Tuchimbieni hata shimo jingine tu, matofali tumekwisha leta wenyewe."

Profesa akatabasamu kwa upole mkubwa, kama mtu anayemwonea mwenzake huruma kwa kutojua mambo. "Mama, serikali haijalala. Tuna kamati ya watu kumi na wanane kuhusu suala la choo. Hivi sasa wako ng'ambo, wanajifunza."

"Wanajifunza nini, Profesa?"

"Namna wenzetu wanavyokwenda haja." Akainuka, akafungua pazia. "Unaliona lile lango? Mgeni akija hapa, anaanzia wapi? Langoni. Sijapata kumwona mgeni aliyeanzia kichakani. Nenda kasome, mama. Na barua hii nitaihifadhi mahali salama."

Akaiingiza kwenye mashine ya kukatakata karatasi.

Sikudhani alitoka nje akatema mate. Alijishangaa. Uchafu wa hospitali haukuwahi kumchefua namna ile. Ule ulikuwa wa watu wasioweza kujizuia.

*

Mvua zikaja, siku nne mfululizo. Jumatatu iliyofuata Zawadina alitoka darasani mara tano kabla ya saa nne asubuhi. Mara ya sita hakuweza kusimama. Macho yalikuwa yamedidimia, midomo imekauka, na Sikudhani alipoifinya ngozi ya mkono wake ilibaki imesimama kama kitambaa. Kilichomtoka kilikuwa cheupe, kama maji yaliyooshewa mchele.

Alimbeba mgongoni mpaka zahanati ya chuo. Huko alikuta wengine sita wamelala sakafuni, na muuguzi mmoja anaandika.

"Ni kipindupindu hiki, dada," Sikudhani alisema. "Wanahitaji dripu sasa hivi."

Muuguzi aliruka kama aliyechomwa sindano. "Shusha sauti, mama! Unataka tufungwe?"

Maana mwaka uliotangulia Rais wa Sifania alikipiga marufuku kipindupindu, kwa amri iliyosainiwa hadharani mbele ya mabalozi, na tangu siku hiyo kukiugua ilikuwa ni kuitukana serikali. Kwenye daftari lake muuguzi alikuwa ameandika mara sita, kwa mwandiko mzuri: homa ya mitihani.

"Lakini mitihani ni Novemba."

"Basi wanajiandaa mapema," alisema muuguzi, na machozi yakamlengalenga.

Sikudhani alikimbia kumtafuta Mwalimu Lugome. Gari la chuo lilikuwepo, lakini lilikuwa limekwenda kumchukulia Profesa suti mpya kwa fundi, kwa ajili ya ziara ya Waziri. Wakapata mkokoteni wa jikoni. Wakawapakia saba, wakausukuma wao wawili kwa maili mbili za tope hadi hospitali, Zawadina ameegemea ukingo, anajaribu kucheka.

"Shangazi, nimechafua mkokoteni wa mboga."

"Nyamaza, mwanangu. Utaoshwa."

Watano walipona. Wawili hawakuwahi dripu. Walizikwa Alhamisi, na chuo kikapeleka shada la maua lenye utepe ulioandikwa: Walijitahidi Masomoni.

*

Ziara ya Waziri wa Maarifa, Mheshimiwa Mwinchande Tukuzwa, iliangukia Jumatano ya wiki iliyofuata. Alikuja kuzindua Mradi wa Maji Salama. Mradi wenyewe ulikuwa ni kisima kile kile, kimezungushiwa ukuta mdogo wa saruji, kikapakwa rangi ya bluu na kufungwa pampu na koki moja inayong'aa.

Kwa ajili hiyo karakana ilifunguliwa siku mbili. Sikudhani akashika spana ya chuma kwa mara ya kwanza. Alikata bomba, akatia uzi, akakaza viungio pamoja na Mwalimu Lugome, na kazi ikatoka safi, haikuvuja hata tone. Hapo moyo ukamuuma zaidi. Mikono yake ilikuwa imepata ilichokitafuta, na ilichokitafuta kilikuwa kinapeleka sumu mahali pake kwa ufanisi.

"Mwalimu, tunafanya nini hapa?"

"Tunafanya mazoezi kwa vitendo," Mwalimu Lugome alisema bila kumtazama. "Nina watoto watano, Siku."

Msajili akapita akawakagua wanafunzi, akamchagua Sikudhani ndiye atakayempa Waziri glasi ya kwanza. "Wewe una sura ya mwananchi," alisema. Wakamvika kanga mpya yenye picha ya Waziri mgongoni.

Ngoma zikapigwa, bendi ikapigwa, shairi la beti arobaini likasomwa. Waziri alikuwa mzee mrefu, aliyekonda kwa umri. Alizungumza saa moja na nusu.

"Maji ni uhai!" alisema, na watu wakapiga makofi. "Serikali yenu imeligundua hilo!" Makofi. "Wataalamu wanatuambia maji yameundwa kwa vitu viwili, hidrojeni na oksijeni. Lakini hapa Mtomondo, ndugu zangu, serikali yenu imeongeza kitu cha tatu! Na kitu hicho ni nini? Ni upendo!" Makofi yakaendelea mpaka bendi ikadhani imeitwa.

Sikudhani akafungua koki, akajaza glasi. Maji yalikuwa meupe, ya kupendeza macho. Akapiga goti, akayainua. Waziri akaichukua glasi kwa mkono wenye ngozi nyembamba ya uzee, na akilini mwake Sikudhani aliiona ngozi ile ikifinywa na ikibaki imesimama kama ya Zawadina. Hakupanga kusema. Kipaza sauti kilikuwa mbele ya mdomo wake.

"Mheshimiwa, usinywe. Kitu cha tatu kilichomo humu ni mavi."

Kwa mazoea, watu wakapiga makofi.

Mkono wa Waziri uliganda karibu na mdomo. Mpambe wake akaitwaa glasi kwa leso, akampa chupa ya maji kutoka kwenye gari, na Waziri akanywa ile, akaiinua juu, akatangaza kwamba amekunywa. Saa sita redio ya taifa ikasema Mheshimiwa alikunywa akaomba aongezwe.

*

Baraza la Nidhamu lilikaa kesho yake, likiwa na watu tisa. Kosa la Sikudhani halikuwa kuhusu maji. Kosa lilikuwa kutamka neno chafu mbele ya kiongozi wa taifa.

"Mshtakiwa," alisema Profesa Ndolezi, "liambie baraza, ulisema maji yana nini?"

"Mavi."

"Andika kosa la pili!" Profesa alifoka. Msajili, aliyekuwa katibu, akanyoosha mkono kwa aibu, akaeleza kwamba hawezi kuliandika neno lile kwenye karatasi yenye nembo ya taifa. Walijadili kwa saa nzima, wakakubaliana liandikwe "kile kitu". Kisha ikaonekana kwamba kumbukumbu haieleweki ni kitu gani, wakamwomba mshtakiwa afafanue. Akafafanua. Likawa kosa la tatu.

Chai ikaletwa. Sikudhani aliangalia chini ya meza akaona katoni za maji ya chupa kutoka mjini, na mhudumu akijaza birika kutoka humo. Wajumbe wote tisa walikunywa wakalamba midomo kwa utamu. Hakuna aliyeona haya.

Baada ya chai Profesa alilegeza sauti. "Mama Nakamo, sisi si watu wabaya. Watu walisikia vibaya kwa sababu ya upepo. Wewe ulisema maji yana madini. Mavi, madini, yanafanana kabisa. Saini hapa kwamba ulisema madini, na cheti chako hiki hapa."

Kilikuwepo kweli. Kimepigwa mhuri, jina lake limeandikwa bila kosa. Sikudhani alikigusa kwa kidole. Aliona ovaroli, akaona mshahara, akaona mganga mkuu akimpa funguo za stoo ya vifaa. Kidole kilikaa pale kwa muda mrefu kuliko alivyotaka.

"Tayari kuna mtu mjini anataka kuyauza," Msajili aliongeza kwa furaha. "Maji ya Madini ya Mtomondo. Chupa nzuri tu, yenye picha ya lango."

Sikudhani akaondoa kidole.

"Wale wawili tuliowazika," alisema, "walikunywa madini?"

Mjumbe mmoja aliomba sukari. Sikudhani akafukuzwa chuo saa saba mchana, kwa kura tisa.

Nje ya mlango Mwalimu Lugome alikuwa anamsubiri, ameshika kopo la rangi nyekundu na brashi. "Hii ilibaki tulipotia alama mabomba," alisema akiangalia viatu vyake. "Sijui itafaa nini." Akaliweka chini, akaenda zake haraka.

Sikudhani hakuelekea langoni. Alitelemka bondeni, watu wote wakiwa bwaloni, na kwenye ule ukuta wa bluu aliandika neno lenyewe kwa herufi za urefu wa mkono. Aliliandika upande wa jikoni, akaliandika na upande wa mabweni. Walinzi walipofika alikuwa anamalizia herufi ya mwisho. Walimtoa nje ya ua taratibu, hata kumsukuma hawakumsukuma, na mmoja wao akamwaga maji ya kisima yaliyokuwa kwenye chupa yake.

Chuo kikapaka rangi ya bluu juu yake. Nyekundu ikapenya. Wakapaka tena. Ikapenya tena, safari hii imekolea. Wanafunzi wakaanza kususia chai.

Kesho yake asubuhi Profesa Ndolezi aliitisha mkutano kisimani. Aliagiza kila mwanafunzi aje na ndoo yake, achote, na baada ya yeye kunywa wote wanywe, kuonyesha imani. Sikudhani alisimama nje ya ua wa senyenge na begi lake, akaona watu mia sita wamejipanga bondeni kila mmoja na ndoo iliyojaa. Msajili akaleta jagi lililofunikwa kitambaa cha kufumwa.

Kabla Profesa hajamiminiwa, msichana mwembamba alijitokeza mbele, anatembea kwa fimbo. Alikuwa Zawadina, aliyetoka hospitali juzi yake. Alifungua koki, akajaza kikombe, akampa Profesa kwa mikono miwili, kwa adabu zote.

"Shikamoo, Profesa. Ya kwenye jagi yamelala. Karibu haya mapya."

Profesa hakuwa na pa kukwepea. Alikipokea kikombe. Alichungulia ndani. Nzi wa kijani alitua ukingoni, akajisugua miguu. Profesa akainua kikombe hadi kidevuni, jasho linamtoka, kisha uso ukamkunjuka ghafla.

"Kwa mila zetu," alitangaza, "maji ya kwanza ni ya mababu!" Akayamwaga yote ardhini.

Zawadina akajaza kikombe tena. "Mababu wamekunywa, Profesa. Sasa wewe."

"Hao walikuwa wa upande wa baba," alisema Profesa. "Kuna wa upande wa mama." Akamwaga.

Zawadina akajaza cha tatu. Profesa akakitazama, na hakuna babu aliyemjia akilini.

Ndipo kijana mmoja wa darasa la useremala, uso mkavu kama wa hakimu, aliinua ndoo yake nzima. "Mimi nina mababu wengi," alisema, akaimwaga. Wa pembeni yake akamwaga kwa ajili ya bibi. Mwingine akamwaga kwa ajili ya wale wawili wa Alhamisi, akawataja kwa majina yao, na hapo hakuna aliyecheka. Kisha safu nzima ikamwaga, na safu ya nyuma, ndoo mia sita moja baada ya nyingine, na wapishi wakaja wakibingirisha mapipa ya jikoni, wakayamwaga nao. Bonde likawa tope. Msajili akamnong'oneza Profesa awazuie, lakini Profesa mwenyewe ndiye aliyelianzisha tambiko. Alivua kofia, akasimama, suti mpya inarushiwa matope mpaka magotini, akangoja ndoo ya mwisho.

Saa nane lori la maji safi lilitoka mjini, maana watu mia sita wenye kiu walikuwa wamekaa langoni kati ya wale simba, mahali wageni wanapoanzia.

Sikudhani alikuwa bado ameegemea senyenge, anajaribu kuitoa rangi nyekundu viganjani kwa mchanga. Haikutoka. Zawadina akaja kwa upande wa nje, fimbo mkono mmoja na kiti chake mkono wa pili.

"Shangazi, twende. Na mimi wamenifukuza."

"Wewe kwa kosa gani?"

"Kuwasumbua mababu."

Sikudhani akampokea kile kiti, akakiweka begani juu ya begi. Wakashika njia ya mjini polepole, kwa mwendo wa mgonjwa. Nyumba ya pili tu baada ya kona bomba lilikuwa linavuja barabarani, na mwenye nyumba amesimama kando yake anaapiza. Hakuwauliza cheti. Aliwauliza kama wana spana.